Je, Lililoshindikana Kukanushwa Limekwisha Kuthibiti?

Kila aliyesoma elimu ya mantiki, ijapokuwa ni katika vile vitabu vidogo vya kuanzia, ameihifadhi kanuni hii: jambo na kanusho lake hayakusanyiki wala hayaondoki pamoja. Maana yake ni kuwa haiwezekani yote mawili yakawa kweli kwa wakati mmoja, wala haiwezekani yote mawili yakawa uwongo. Ama Zaidi yumo nyumbani, ama hayumo. Hapana la tatu. Mwalimu huisoma kanuni hii kwa pumzi moja, na mwanafunzi huipokea kwa pumzi moja, na ni wachache wenye kuuliza kama kanuni hii ni moja au ni mbili.

Kwa hakika ni mbili. Nusu ya kwanza, "hayakusanyiki", yakataza jambo kuwa na kutokuwa kwa pamoja. Nusu ya pili, "hayaondoki", yalazimisha kuwa moja katika hayo mawili ndilo. Katika mwaka 1908 Mholanzi mmoja aitwaye L. E. J. Brouwer, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 27, alitoa makala juu ya kutotegemeka kwa kanuni za mantiki. Nusu ya kwanza aliikubali bila ya kusita. Mbele ya nusu ya pili alisimama akauliza: Kanuni hii tumeitoa wapi, na ni nani aliyetupa ruhusa ya kuitumia kila mahali?

Kutokana na suala hilo yalizuka madhehebu katika falsafa ya hesabu yaitwayo intuishonizimu, na Waarabu wa zama hizi huyanasibisha na neno hadsi, yaani ule utambuzi wa nafsi usiohitaji kupitia hoja. Tutayaeleza madhehebu haya kwa kadiri ya nafasi yetu, kisha tutapima lipi katika hayo la kuchukuliwa na lipi la kuachwa. Wala ndugu msomaji asidhani kuwa haya ni mambo ya wenye hesabu peke yao. Linaloulizwa hapa ni hili: mtu anaposema "kitu fulani kipo", ni deni gani alilojitwika shingoni?

Tuanze kwa mfano mwepesi. Tuseme una kikapu cha maembe 40, na mtu akakuuliza kama ndani yake limo embe bovu. Kabla hujakifunua waweza kusema kwa yakini: ama limo, ama halimo. Ukitakiwa dalili ya neno lako utayatoa maembe moja moja, na ukifika la 40 utakuwa na jawabu mkononi, hili au lile. Kwa hivyo neno lako lina dhamana nyuma yake, nayo ni kuwa ipo njia ya kuyapitia yote, na njia hiyo ina mwisho. Brouwer alisema kuwa wanadamu waliipata kanuni yao katika vikapu kama hivi, vyenye mwisho. Kisha wakaisahau asili yake, wakaichukua mpaka kwenye mambo yasiyo na mwisho, kama kwamba ile dhamana imesafiri pamoja nayo.

Yeye mwenyewe alitoa mfano wa pai, yaani uwiano wa mzingo wa duara na kipenyo chake. Namba hii huandikwa 3.14159 na kuendelea, na tarakimu zake hazina mwisho wala hazijirudii kwa mpango. Akauliza: Je, mahali fulani katika tarakimu hizo zapatikana 0123456789 zikifuatana kwa utaratibu huo? Ukihesabu ukazikuta, umejibiwa. Lakini usipozikuta katika elfu ya mwanzo, wala katika milioni ya mwanzo, hujajibiwa kitu, kwani zilizobaki hazikupungua. Kikapu hiki hakina embe la mwisho. Basi mwenye kusema "ama zimo ama hazimo" atatoa dhamana gani?

Huenda mtu akasema: Lakini tarakimu hizo zimekwisha kuonekana! Ni kweli. Zilikutwa mwaka 1997 katika hesabu za kompyuta zilizofanywa na Yasumasa Kanada wa Tokyo na mwenzake, nazo ziko mbele ya tarakimu ya bilioni 17. Na mtu huyo ataongeza kuwa zilikuwapo pale pale hata siku ile Brouwer alipouliza, ila hapakuwa na jicho la kuziona. Twamjibu kuwa lililolimaliza suala hilo halikuwa kanuni ya mantiki. Lililolimaliza ni kazi ya kuhesabu mpaka mahali pake pakaonyeshwa, na hilo ndilo hasa alilolitaka Brouwer. Tena ukilibadilisha suala, ukauliza juu ya tarakimu ya 7 ikifuatana mara 1,000, utajikuta umesimama pale pale alipokuwa yeye. Mwaka 2022 hesabu ya pai ilifikishwa tarakimu trilioni 100, na bado hakuna aliyeuonyesha mfuatano huo, wala aliyethibitisha kuwa hauwezi kupatikana.

Sasa tutazame jinsi kanuni hiyo inavyotumika katika burhani, ili msomaji aone ubishi wenyewe ulipo. Zipo namba ziwezazo kuandikwa kuwa namba nzima moja juu ya nyingine, kama 1/2 au 7/3; hizi huitwa namba wiano. Na zipo zisizoweza, kama kipeuo cha pili cha 2. Mtu akauliza: Je, zapatikana namba mbili zisizo wiano, ambazo ukiipandisha ya kwanza kwa kipeo cha ya pili wapata namba wiano? Mwenye hesabu hujibu hivi. Chukua kipeuo cha pili cha 2, ukipandishe kwa kipeo ambacho ni hicho hicho kipeuo cha pili cha 2. Ama jawabu ni namba wiano, ama siyo. Ikiwa ni wiano, umezipata mbili ulizozitaka. Ikiwa siyo, lichukue jawabu hilo, ulipandishe tena kwa kipeuo cha pili cha 2, nawe utapata 2 kamili, ambayo ni wiano. Basi hapo pia umezipata. Kwa hali yoyote zipo.

Burhani hii ni nzuri, wala hapana kosa katika kuhesabu kwake. Lakini muulize mwenye burhani: Ni zipi namba hizo mbili? Hatakuwa na la kusema. Amekuapia kuwa mali imo katika moja ya masanduku mawili, wala hajui ni lipi. Jawabu lilipatikana kwa kazi nyingine kabisa: katika mwaka 1934 Gelfond na Schneider, kila mmoja kwa njia yake, walithibitisha kadhia ya jumla ambayo kwayo twajua kuwa hali ya pili ndiyo ya kweli. Kabla ya kazi ya namna hiyo, neno "zipo" lilisimama juu ya kanuni ya "ama hili ama lile" peke yake.

Hapo ndipo Brouwer na wafuasi wake walipoweka sharti lao. Arend Heyting, mwanafunzi wa Brouwer, katika mwaka 1930 aliziandika kanuni za mantiki inayoafikiana na rai hii, na Mrusi Kolmogorov naye akaeleza maana yake kwa njia iliyo karibu na hiyo. Kwa mantiki hii, mwenye kusema "hili au lile" ameahidi kuwa anayo burhani ya moja wapo, na kuwa aweza kusema ni ya lipi. Mwenye kusema "kipo kitu chenye sifa hii" ameahidi kukitoa, au kuonyesha njia yenye mwisho ya kukifikia. Na mwenye kusema "jambo hili si kweli" ameahidi kuonyesha kwamba jambo hilo likikubaliwa hupelekea kwenye muhali. Kila neno lina deni lake, na deni hulipwa kwa kitu kinachoonekana.

Yapasa hapa tuondoe makosa mawili ya kufahamu. Kosa la kwanza ni kudhani kuwa Brouwer aliikataa burhani ya khulfu, yaani ile ya kulichukua neno la mpinzani na kulipeleka mpaka lijivunje lenyewe. Hakuikataa yote. Ukitaka kuthibitisha kuwa kipeuo cha pili cha 2 si namba wiano, ukadhani kwanza kuwa ni wiano, kisha ukaonyesha muhali unaotoka humo, burhani yako ni sahihi kwake pia. Kwani ulilolitaka ni kukanusha, na umekanusha. Analolizuia ni hatua nyingine, nayo ni kusema: nimeonyesha kuwa haiwezekani kitu hiki kisiwepo, basi kipo. Kwake yeye, kulikanusha kanusho si sawa na kuleta kitu chenyewe.

Kosa la pili ni kudhani kuwa alidai ipo hali ya tatu, si ndiyo wala si siyo. Hakudai hivyo, na kwa mantiki yake mwenyewe dai hilo ni muhali. Huwezi kamwe kulileta jambo moja ukathibitisha kuwa lenyewe si kweli na kanusho lake si kweli, kwani hapo utakuwa umeivunja ile nusu ya kwanza ya kanuni. Aliloliacha ni kulitamka "ama ndiyo ama siyo" kama kwamba ni elimu iliyokwisha kupatikana, hali ya kuwa mtamkaji hana burhani ya upande wowote.

Na chini ya hayo yote palikuwa na rai yake ya ndani zaidi. Brouwer aliona kuwa hesabu ni kazi ya akili yenyewe. Asili yake ni pale nafsi inapotambua kuwa saa moja imepita na nyingine imeingia, ikapata fahamu ya mbili, na kutokana na mbili ikajenga namba zote. Maneno na mantiki, kwa rai yake, huja nyuma, yakiandika yale ambayo akili imekwisha kuyafanya. Kwa hivyo katika hesabu hakuna ukweli ila ule ambao akili imeujenga. Na pale ambapo akili haijajenga, hakuna kitu kinachongoja kuonekana.

Haikuwa ajabu kwamba rai hii ilipata wapinzani. Mkubwa wao alikuwa David Hilbert wa Göttingen, katika Ujerumani, ambaye sifa yake ilianza kwa burhani ya namna ile ile iliyolalamikiwa. Mnamo 1888 alithibitisha kuwapo kwa kitu ambacho wenye hesabu walikuwa wakikitafuta kwa mahesabu marefu, naye akathibitisha kuwapo kwake bila ya kukionyesha. Husimuliwa kuwa mwenzake Paul Gordan alipoisoma alisema kuwa hiyo si hesabu, ni elimu ya dini. Sisi tulioshughulika na elimu hiyo twaweza kusema kuwa kwetu pia mwenye kudai hutakiwa dalili. Katika mwaka 1927 Hilbert alisema kuwa kumnyima mwenye hesabu kanuni ya "hapana la tatu" ni kama kumnyima mtazama nyota darubini yake, au kumkataza mpiganaji ngumi asitumie ngumi zake. Hermann Weyl, aliyekuwa mwanafunzi wake mwenyewe, alikuwa amekwisha kujitangaza upande wa Brouwer katika mwaka 1921. Mzozo ukatoka katika hoja ukaingia katika nafsi, mpaka mwaka 1928 Hilbert akamtoa Brouwer katika baraza la wahariri wa jarida la *Mathematische Annalen*. Mwanachuoni Einstein, aliyekuwa miongoni mwa wahariri hao, alikataa kuingia katika ugomvi huo.

Tukiyaacha magomvi tukatazama hoja, tutaona kuwa kila upande ulikuwa na haki ya kusikizwa. Hilbert alisema kweli kwamba gharama ni kubwa. Ukishika sharti la Brouwer, huwezi tena kusema kwa ujumla kuwa kila namba ama ni sawa na sifuri ama si sawa nayo, maana yaweza kuelezwa namba ambayo hujui njia yenye mwisho ya kuipambanua. Kadhia nyingi zilizozoeleka huanguka, au husimama kwa sura nyingine iliyo ndefu zaidi. Lakini Brouwer naye alisema kweli kwamba kilichoanguka kilikuwa kimesimama juu ya ahadi ambayo haikulipwa. Na katika mwaka 1933 Kurt Gödel alionyesha jambo lililozipunguza hofu za pande zote mbili, angalau katika hesabu za namba nzima: ukizitafsiri kadhia za hesabu ya kale kwa lugha ya kanusho la kanusho, zote zasimama ndani ya mantiki ya Heyting. Maana yake ni kuwa mantiki ya kale hapo haina khatari ya kujipinga zaidi ya hii ya pili. Tafauti yao imo katika uzito wa maneno "lipo" na "au".

Wala madhehebu haya hayakufa pamoja na mwenyewe, aliyefariki mwaka 1966. Mwaka uliofuata, 1967, Mmarekani Errett Bishop alitoa kitabu ambacho ndani yake alijenga upya sehemu kubwa ya hesabu ya juu kwa burhani zenye kuonyesha, wala hakuzihitaji falsafa za Brouwer juu ya nafsi na wakati. Na zama hizi za kompyuta zimeleta sababu mpya ya kuyatazama. Burhani inayoonyesha kitu ni kama maagizo ya kazi: yaweza kugeuzwa programu, na kompyuta ikayafuata mpaka ikakitoa kile kitu. Burhani isemayo tu kuwa haiwezekani kisiwepo haimpi mfanya kazi pa kuanzia.

Basi sisi tuseme nini? Wanavyuoni wetu wa mantiki na ilmul-kalam walizoea kupambanua kati ya jambo lilivyo katika nafsi yake, waliloliita nafsul-amri, na jambo lilivyo katika ujuzi wetu. Ukweli wa kauli, walisema, ni kuafikiana kwake na jambo lilivyo katika nafsi yake. Brouwer, katika hesabu, aliuondoa upande wa kwanza akaubakisha ujuzi peke yake. Katika hili hatumfuati, wala hoja zake hazitulazimishi. Mwenye kuamini kuwa yupo Mjuzi ambaye hakuna tarakimu iliyofichika kwake, hana sababu ya kusema kuwa suala la pai halina jawabu mpaka mtu alihesabu. Kwake jawabu lipo, nalo linajulikana, ijapokuwa halijulikani kwetu.

Lakini hapa ndipo penye khatari, na hapa Brouwer atufaa kuliko wapinzani wake. Mwenye kusema "ama hili ama lile" mahali ambapo hakuna njia ya kupambanua, anategemea itikadi yake kuwa jambo lenyewe limekwisha kukatwa. Itikadi hiyo yaweza kuwa ya kweli, sisi twaishika. Yampasa tu ajue kuwa anaitegemea, na aitaje, wala asiiingize katika hesabu kwa kuivika nguo ya burhani. Kujua kwa Mwenyezi Mungu si kujua kwetu, wala hatuwezi kulipa deni letu kwa mali iliyo katika khazina Yake.

Wala hili si geni kwa wenye kusoma fikihi. Tazama hukumu ya mafquudi, mtu aliyepotea zisipatikane khabari zake, kama baharia ambaye chombo chake hakikurudi. Hapana shaka ama yu hai ama amekufa. Tuseme babake amefariki baada ya kupotea kwake, akaacha mke, na ndugu mmoja wa kiume, na huyu mwana aliyepotea. Ikiwa mwana alikuwa hai babake alipokufa, mke hupata 1/8 na mwana hupata iliyobaki, na ndugu hana kitu. Ikiwa alikuwa amekwisha kufa kabla ya babake, mke hupata 1/4 na ndugu hupata 3/4. Kadhi hufanya nini? Humpa mke 1/8, kwa kuwa kwa hali zote mbili hapungukiwi na hiyo. Ndugu hampi kitu. Na 7/8 zilizobaki huziweka mpaka ipatikane bayana, au mpaka upite muda ambao mfano wake haishi zaidi ya hapo na hukumu ipitishwe.

Kadhi huyu ameitumia kanuni ya "ama yu hai ama amekufa", na ameitumia kwa haki, kwani kwayo amempa mke fungu lake bila ya kumcheleweshea. Lakini hakuiomba kanuni hiyo impe zaidi ya ilichonacho. Hakusema: haikuthibiti kuwa yu hai, basi amekufa, mgawieni ndugu. Wala hakusema: haikuthibiti kuwa amekufa, basi yu hai, na mke amekwisha kupata haki yake yote. Alitoa kile kisichobadilika kwa hali zote, na kilichobaki alikifunga akakitia muhuri. Laiti wenye hesabu wa Göttingen na wa Amsterdam wangalikaa mbele ya kadhi huyu, huenda kila mmoja angaliona kuwa nusu ya hukumu ni yake.

Na sisi tusio wenye hesabu twaishi katika maneno haya kila siku. Khabari huenea mjini juu ya mtu, wala hapatikani wa kuikanusha, na baada ya siku saba watu huisimulia kama waliyoiona kwa macho. Mtu hutoa dai katika dini au katika dunia, na akiulizwa dalili hujibu: wewe lete dalili kuwa siyo. Huyo ametaka deni lake lilipwe na jirani. Jawabu lake ni lile lile aliloweza kupewa mwenye masanduku mawili: tumekusikia kuwa haijakanushwa, sasa tuonyeshe. Akionyesha, tutakubali na tutamshukuru. Asipoonyesha, si lazima tumwite mwongo, kwani huenda asemalo ni kweli katika nafsi yake. Twaliweka dai lake pamoja na fungu la aliyepotea, mpaka ije bayana.